MLANGO ULIFUNGULIWA KWA NDANI
Jinsi utafiti wa chuo kuhusu usalama wa mitandao unavyoandikwa

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Chama cha Kiswahili kiliponiomba makala ya mwaka huu, nilitaka kuandika juu ya methali kwa sababu ndizo rahisi. Mwalimu mlezi wetu akakataa. Alisema methali tunazo kila mwaka, basi safari hii kila mtu aandike jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe.

Nilifikiri sana. Jambo nililoliona kwa macho yangu ni dada yangu akiandika utafiti wa chuo kuhusu usalama wa mitandao, hapa hapa Konza, juu ya meza yetu ya kulia, wakati wa likizo ya Agosti mwaka 2025. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Wengi wetu tutafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027, kisha tuingie vyuoni, na huko tutaambiwa "leteni utafiti" kana kwamba tulizaliwa tukijua. Kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua nilivyoona ukifanyika. Nitaeleza pia jambo moja la aibu linalonihusu mimi, kwa sababu nikiliacha, maelezo yangu yatakuwa nusu.

1. USALAMA WA MITANDAO NI NINI?

Wengi wetu tukisikia maneno hayo tunamwona kijana aliyevaa kofia, amekaa gizani, anabofya kompyuta mbio mbio kama kwenye sinema. Hata mimi nilifikiri hivyo. Dada alinieleza kwa mfano wa shule nikaelewa mara moja. Alisema usalama wa habari una mafiga matatu, na figa moja likitoka, chungu kinamwagika.

Figa la kwanza ni usiri. Karatasi ya mtihani wa muhula isionekane na mwanafunzi kabla ya siku yake. Figa la pili ni ukamilifu. Ukipata alama 43, zibaki 43, asije mtu usiku akazigeuza 73. Figa la tatu ni upatikanaji. Siku ya kufunga shule, mzazi akija kuchukua ripoti aipate, asiambiwe arudi kesho. Benki, hospitali, ofisi ya serikali na hata simu ya nyanya yako, zote zinalindwa kwa mafiga hayo hayo.

Figa la tatu lilipotikisika, Kenya nzima ilijua. Mwezi wa Julai 2023 mfumo wa eCitizen, ambao watu huutumia kuomba na kulipia huduma nyingi za serikali, ulishambuliwa ukawa haufunguki vizuri. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilidai ndicho kilichofanya hivyo. Serikali ilikubali kwamba kulikuwa na shambulio, ikasema hakuna habari za watu zilizopotea. Sasa mtu atauliza, kama hakuna kilichoibwa, shida iko wapi? Fikiria kioski cha maji wakati wa kiangazi. Watu mia mbili wanakuja na mitungi, lakini hawataki maji, wanapanga foleni na kuuliza bei tu, kisha wanarudi nyuma ya foleni na kuanza tena. Wewe mwenye kiu ya kweli hufiki kwenye mfereji. Shambulio la aina hiyo ndivyo lilivyo. Kompyuta nyingi hutuma maombi ya uongo kwa wakati mmoja mpaka mitambo inalemewa. Mwezi wa Oktoba 2024 Idara ya Haki ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusu kikundi hicho.

Sisi watu wa Konza tuna sababu zaidi ya kulijua somo hili. Zamani Konza ilijulikana kwa reli, maana hapa ndipo njia ya kwenda Magadi inapoachana na reli ya zamani ya Mombasa na Nairobi. Siku hizi ukitaja Konza, mtu wa mbali anafikiria jiji la teknolojia linalojengwa upande wa Malili, Konza Technopolis, katika shamba la ekari 5,000. Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi mwezi wa Januari 2013. Huko kuna kituo cha taifa cha data, yaani jengo lenye mitambo ya kuhifadhi habari za ofisi mbalimbali. Nilimuuliza dada kwa nini asiandike juu ya kituo hicho. Akacheka akasema, "Huko kuna walinzi. Nataka kuandika juu ya mahali ambapo hakuna mlinzi."

2. KUCHAGUA SWALI

Dada anasomea stashahada ya teknolojia ya habari katika chuo kimoja. Mada yake ya kwanza ilikuwa "Usalama wa Mitandao Nchini Kenya". Aliandika kurasa nne akampelekea mhadhiri wake. Karatasi ilirudi na maneno machache ya wino mwekundu: "Hii ni bahari. Niletee kisima."

Wenzangu, hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu. Mada kubwa inaonekana rahisi kwa sababu mambo ya kusema ni mengi. Lakini ukisema mengi huthibitishi hata moja. Mada ni uwanja, na swali la utafiti ni mahali pamoja unapochimba katika uwanja huo. Swali zuri lina mambo matatu: linauliza juu ya watu au vitu unavyoweza kuvifikia kwa nauli uliyo nayo, linaweza kujibiwa kwa muda uliopewa, na wewe mwenyewe hujui jibu lake. Ukishajua jibu kabla ya kuuliza, huo si utafiti, ni hotuba.

Swali ambalo dada alirudi nalo lilikuwa hili: Kwa nini watu wazima wa soko letu huwapa watu wengine nambari zao za siri za pesa za simu?

Alilichagua kwa sababu ya nyanya yetu. Kwa Kikamba tunamwita Susu, nami nitamwita hivyo. Susu ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Mwezi wa Machi 2025 shilingi 14,600 za chama zilitoweka kutoka kwenye simu yake. Zilikuwa za kumnunulia mama mmoja tangi la maji. Susu aliwaambia akina mama kwamba alikosea kubonyeza, akatuma pesa kwa mtu asiyemjua. Akauza mbuzi wawili akazilipa. Sote nyumbani tuliambiwa hivyo hivyo, na dada akaamini. Mimi nilinyamaza.

3. KUSOMA WALIOTANGULIA

Kabla ya kuuliza watu, mtafiti husoma yale yaliyokwisha kuandikwa. Sehemu hii huitwa mapitio ya maandishi. Mimi nilifikiri ni kujaza kurasa tu. Kumbe kazi yake ni kuonyesha kwamba hurudii lililokwisha kufanywa, na kwamba unajua sheria inasemaje.

Dada alisoma Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandaoni ya mwaka 2018. Kwa sheria hiyo, mtu anayeingia katika kompyuta au mfumo wa mwingine bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwezi wa Oktoba 2025, dada akiwa amekwisha kuwasilisha kazi yake, kwa hiyo anayeandika leo lazima asome na marekebisho yake. Alisoma pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosema kwamba habari za mtu zikusanywe kwa sababu halali na zisitumiwe kwa jambo jingine. Tena alisoma ripoti za kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambacho hutoa habari za mashambulio kila baada ya miezi mitatu.

Kila alichokisoma alikiandika katika daftari dogo: nani aliandika, mwaka gani, ukurasa gani. Nilimwambia anapoteza wakati. Siku aliyotaka kutaja jambo moja akakuta limo daftarini na ukurasa wake, nilinyamaza.

Mwenzake mmoja chuoni hakufanya hivyo. Aliiomba programu ya akili unde impe majina ya vitabu, ikampa matano mazuri yenye waandishi na miaka. Alipokwenda maktabani, viwili havikupatikana, wala mwandishi wao hakupatikana. Programu ilikuwa imevitunga. Tusimcheke. Mwezi wa Juni 2023 mawakili wawili mjini New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, kwa kuwa waliipelekea mahakama kesi zilizotungwa na programu ya aina hiyo. Kama wakili mzima alinaswa, mimi na wewe je?

Kuna na wale wanaotaka njia fupi zaidi, ya kununua kazi iliyokwisha kuandikwa. Hapa Kenya si siri kwamba wako vijana wenye akili wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tafiti. England, mwaka 2022, ilipitisha sheria inayofanya biashara hiyo kuwa kosa. Dada aliwahi kupewa bei. Alisema hakukataa kwa sababu ya utakatifu. Alikataa kwa sababu siku ya kutetea kazi yako mbele ya wahadhiri, yule uliyemlipa hayupo.

4. KUULIZA WATU BILA KUWADHURU

Njia atakayotumia mtafiti kupata habari huitwa mbinu. Dada alichagua hojaji, yaani karatasi ya maswali, na mahojiano ya ana kwa ana. Alipanga kuwafikia watu thelathini: mama mboga, wauza nafaka, watu wa boda, na wazee wanaopokea pesa kutoka kwa watoto wao wa mjini.

Hojaji ya kwanza ilikataliwa. Ilikuwa na swali, "Je, nambari yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa?" Mhadhiri alimwuliza, "Ukipoteza karatasi hizi kwenye matatu, aliyeziokota atapata nini?" Dada akaona. Mtafiti wa usalama anaweza kuwa yeye ndiye anayekusanya siri za watu kwenye mfuko wa plastiki. Swali likafutwa. Jina nalo likafutwa. Kila mtu akapewa nambari: Mshiriki wa 1, Mshiriki wa 2, hivyo hivyo.

Kisha dada akawa na wazo jingine. Alitaka kuwatumia watu ujumbe wa uongo wa "umeshinda zawadi" ili ahesabu ni wangapi watakaojibu. Hilo nalo lilikataliwa. Majaribio ya namna hiyo yanahitaji ruhusa, usimamizi, na watu kuelezwa baadaye walichofanyiwa. Mhadhiri alimpa mfano wa Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Mwezi wa Novemba 1988 aliachilia programu ndogo kwenye intaneti, ambayo wakati ule ilikuwa bado changa. Mwenyewe hakuwa na nia ya kuharibu mafaili ya watu. Lakini programu ilijizalisha kupita alivyotazamia, ikakwamisha maelfu ya kompyuta, na yeye akahukumiwa mahakamani. Kumbe kusema "nilikuwa najaribu tu" si kinga.

Basi tukaenda sokoni. Kila mtu tulimweleza sisi ni nani, kazi ni ya nini, na kwamba anaweza kukataa. Wengi tuliwauliza kwa Kikamba, kisha tukaandika kwa Kiswahili. Swali kuu lilisema: "Je, umewahi kumpa mtu mwingine nambari yako ya siri?"

Watu karibu wote walijibu hapana.

Siku ya pili dada alikuwa amekata tamaa. Kama hakuna anayetoa nambari, swali lake halina maana. Jioni hiyo tulikuwa tunachambua ndengu, na Susu akaita kutoka nje, "Njoo unitumie pesa kwa mama wa posho." Nikaenda nikachukua simu, ile ndogo ya vitufe tunayoita mulika mwizi, nikabonyeza kila kitu mpaka mwisho, nikamrudishia. Niliporudi dada alikuwa ananitazama.

"Susu hakukuambia nambari," akasema.

"Naijua."

"Ile ya zamani nayo ulikuwa unaijua?"

Sikumjibu, nikaendelea kuchambua ndengu.

Kesho yake alibadilisha swali. Badala ya kuuliza kama mtu amewahi kutoa nambari, aliuliza, "Ukitaka kutuma pesa, nani hukusaidia?" Hapo midomo ikafunguka. Mjukuu. Binti yangu. Kijana wa duka. Jirani, yeye ana macho mazuri. Na huyo anayekusaidia, nambari anaibonyeza nani? Yeye mwenyewe, mimi sioni hizo herufi. Watu wale wale waliosema hapana siku ya kwanza sasa walisema ndiyo, na hakuna aliyekuwa amedanganya. Kwao, kumpa mjukuu si "kumpa mtu mwingine". Mtu mwingine ni mgeni. Mjukuu ni mkono wangu.

Wenzangu, kama mtakumbuka jambo moja tu katika makala haya kuhusu utafiti, kumbukeni hilo. Jibu baya mara nyingi ni mtoto wa swali baya.

5. KARATASI SITA ZILIZOBAKI

Likizo ilipokaribia kwisha, hojaji 24 zilikuwa zimejazwa, na 6 zilibaki. Dada alikuwa na homa. Akaniomba niende sokoni peke yangu. Mvua ilikuwa imekataa, jua lilikuwa kali, na vumbi la malori ya barabara kuu lilikuwa limejaa kila mahali. Nilikaa chini ya mgunga karibu na reli nikafikiri hivi: majibu ya watu yanafanana, kalamu ninayo, nani atajua? Nikaanza kujaza. Karatasi ya kwanza niliimaliza kwa dakika tatu. Mwanamke, zaidi ya miaka 60, husaidiwa na mjukuu.

Kulikuwa na swali la mwisho: "Je, umewahi kupoteza pesa kwa sababu mtu mwingine aliijua nambari yako? Eleza." Kalamu ikasimama. Nilijikuta siandiki mtu wa kubuni. Nilikuwa naandika juu ya Susu, na majibu yake nilikuwa nayajua kuliko yeye.

Ukweli ni huu. Siku ile ya Machi, Susu alikuwa shambani na simu ilikuwa ndani nikifanya kazi ya hesabu. Ikalia. Mwanamume mwenye sauti nzuri alisema anatoka ofisi ya kuhudumia wateja, na kwamba laini hii itafungwa leo saa kumi kwa sababu usajili wake haujakamilika. Alilijua jina la Susu lote. Aliuliza nambari ya kitambulisho, nikamsomea, kwa kuwa kitambulisho kilikuwa kabatini. Aliuliza mwaka wa kuzaliwa. Mwishowe akasema, "Thibitisha kwamba wewe ndiye mwenye laini, nambari yako ya siri ni ipi?" Nami nikataja tarakimu nne. Nilijiona mwerevu kwa kumwokolea Susu laini yake.

Saa moja baadaye simu ikawa haina mtandao. Dada alinieleza baadaye jinsi inavyofanyika. Tapeli akiwa na habari zako hujifanya wewe, akadai simu imepotea, laini ikahamishiwa kadi nyingine iliyo mkononi mwake. Kadi yako inakufa, yake inafufuka. Akiwa na nambari ya siri, basi amebeba ufunguo na mlango pamoja. Laini ya Susu iliporudishwa siku ya pili, pesa za chama hazikuwapo. Susu aliniuliza, "Kuna mtu alipiga?" Nikasema hapana. Ndipo yeye akaamua kwamba ni vidole vyake vilivyokosea, kwa kuwa haoni vizuri. Aliuza mbuzi wawili kwa kosa alilodhani ni la macho yake.

Niliirarua ile karatasi ya uongo nikaenda sokoni. Nilipata watu watano wa kweli. Ya sita niliipeleka nyumbani.

Sitasema mengi juu ya jioni hiyo. Nilimweleza Susu, dada akiwa pale. Susu hakunipiga wala hakuniambia si kitu. Aliniuliza jambo moja tu: "Miezi hii mitano ukiniona nikibonyeza kwa kutetemeka, ulikuwa unafikiri nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Jumapili iliyofuata nilikwenda naye kwenye chama, nikawaeleza akina mama wote. Nilipomaliza, mama mmoja akasema na yeye alipigiwa simu kama hiyo mwaka uliopita, akapoteza, akamwambia mumewe kwamba aliibiwa sokoni. Kisha mwingine naye akasema.

6. KUANDIKA

Habari zikishakusanywa, kuandika huwa na mpangilio wake. Kwanza utangulizi na swali. Pili mapitio ya maandishi. Tatu mbinu: uliwauliza nani, wangapi, vipi. Nne matokeo: walichosema, bila kuongeza chumvi. Tano majadiliano: unafikiri kina maana gani. Sita hitimisho na mapendekezo, kisha orodha ya marejeleo. Ikisiri, ambayo ni muhtasari mfupi wa kazi nzima, hukaa mbele lakini huandikwa mwisho, maana huwezi kufupisha kisichokuwapo.

Watu wengi huchanganya matokeo na majadiliano. Matokeo ni yale uliyoyaona, na majadiliano ni yale unayoyafikiri. Ukiyachanganya, msomaji hawezi kujua sokoni panaishia wapi na kichwa chako kinaanzia wapi.

Kuna pia sehemu inayoitwa mipaka ya utafiti, ambapo unakiri udhaifu wa kazi yako. Dada aliandika kwamba watu thelathini wa soko moja si Kenya nzima. Aliandika kwamba watu huona aibu kusema walitapeliwa, kwa hiyo huenda waliopoteza pesa ni wengi kuliko waliokiri. Aliandika pia kwamba hojaji za mwisho zilikusanywa na msaidizi aliyekuwa na uhusiano na mshiriki mmoja. Msaidizi huyo ni mimi. Nilimwomba aifute sentensi hiyo. Akasema, "Hiyo ndiyo inayofanya zile nyingine ziaminike."

Na hitimisho lake lilikuwa hili. Kila mahali tunaambiwa, "Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri." Ni agizo zuri, lakini kwa mtu asiyeona herufi ndogo za simu, au asiyesoma lugha iliyo kwenye simu, haliwezekani, naye halivunji kwa ujinga. Hivyo mapendekezo yake yalikuwa ya watu wa aina hiyo. Anayemsaidia mzee afungue hatua zote, kisha amrudishie simu abonyeze nambari mwenyewe, yeye ageuze uso. Mzee afundishwe nambari yake kwa vidole, kama mtu anavyojua kufunga kifungo gizani. Simu ya mzee isipokewe na mtoto bila kumwita mwenyewe. Na anayepiga akiuliza nambari ya siri, hata akilijua jina lako lote na la babu yako, kata simu.

Susu alijifunza kwa siku nne. Kile kitufe cha tano, katikati, kwenye simu nyingi kina kijinundu kidogo. Anakitafuta kwa kidole gumba, kisha anahesabu kutoka hapo, juu, chini, kando. Nambari yake mpya siijui. Akibonyeza mimi hutazama dirishani.

7. MWISHO

Ndugu wasomaji, utafiti wa dada ulipita, na alipata alama nzuri ingawa si za juu kabisa, kwa sababu aliuchelewesha siku mbili kuongeza yale ya chama. Mimi niko katika kazi hiyo kama sehemu ya Mshiriki wa 30, bila jina. Katika jarida hili nimejitaja mwenyewe kwa hiari yangu.

Kama kuna mmoja wenu ambaye nyumbani ndiye "mkono" wa nyanya au babu, Ijumaa hii akifika amuulize: nambari anaibonyeza nani? Na kama kuna jambo mlilonyamazia, msingoje utafiti wa mtu uwafikie.